Bakteria kwenye chakula cha pakiti kilicho tayari kuliwa: kutoka dalili hadi chanzo

Chakula kilicho tayari kuliwa hakirudi motoni. Mlaji anafungua pakiti na kula. Nyama ya slaisi, jibini, saladi iliyokwisha kuoshwa, matunda yaliyokatwa, juisi, karanga zilizokaangwa, wali uliopikwa ukapozwa: bakteria aliyeingia humo akiwa hai anafika mdomoni akiwa hai. Kosa lililofanyika mahali pa kupakia halina wa kulirekebisha nyumbani, na ndiyo maana nalichukulia kwa uzito kuliko kasoro nyingine zozote za uzalishaji.

Mwongozo huu ni wa anayezalisha, anayepakia na anayetunza vyakula hivi, awe na mashine nyingi au meza moja. Nimeupanga kwa dalili kwa sababu ndivyo tatizo linavyoanza kukufikia. Hakuna anayekupigia simu kukuambia kuna bakteria kwenye beringi ya mkanda wako. Unaambiwa pakiti zimevimba, nyama ina ute, au mtoto ametapika.

Kwa kila dalili, anza na swali hili: ni nini kilichogusa chakula baada ya kutoka motoni na kabla ya pakiti kuzibwa? Chakula kikipikwa hadi katikati pakafika nyuzi 70 za Selsiasi kwa dakika 2, bakteria aitwaye Listeria hupungua mara milioni moja. Wanaopika vizuri ni wengi. Shida hujificha kwenye zile mita chache kati ya jiko na mashine ya kuziba, ambako chakula kimeshapoa, kiko wazi, na hakina kinga yoyote.

Pakiti imevimba

Usiifungue kunusa, na usionje. Hesabu kwanza. Je, zilizovimba ni chache zilizotawanyika, au ni karibu bechi nzima, yaani mzigo wote uliozalishwa pamoja?

Zikiwa chache, kagua mshono. Chukua pakiti nyingine za bechi hiyohiyo ambazo hazijavimba, zizamishe kwenye maji, zibonyeze taratibu. Mapovu yatakuonyesha tundu lilipo. Kisha uangalie mshono kwenye mwanga. Tafuta mkunjo, sehemu iliyoungua, chembe ya chakula au tone la mafuta lililobanwa kati ya tabaka mbili za plastiki. Mara nyingi kosa limeanzia kwa anayejaza: akijaza hadi juu, mchuzi unalowesha mahali panapozibwa, na hapo plastiki haishikani. Tundu lenyewe huweza kuwa dogo kiasi kwamba chakula kinaliziba na gesi haitoki, ila bakteria na hamira wameshapita.

Ikiwa ni bechi nzima, acha mshono, nenda kwenye rekodi za joto. Ama moto haukutosha, ama kupoza kulichelewa, ama malighafi iliingia ikiwa na vijidudu wengi kuliko mchakato wako ulivyopangwa kuwamudu. Kwa makopo na pochi zinazokaa bila friji, maabara inaweza kukusaidia sana. Wakikuta mchanganyiko wa bakteria wa aina nyingi, wakiwemo wanaokufa kwa joto dogo tu, kuna mvujo uliotokea baada ya kupika. Wakikuta aina moja pekee, tena ya wale wanaotengeneza spora (umbo gumu la bakteria linalovumilia joto), kupika ndiko kulikopungua.

Juisi za matunda na michuzi yenye asidi nyingi huvimba zaidi kwa sababu ya hamira, ambayo inaharibu chakula lakini ni nadra kuhatarisha maisha. Usijifariji hivyo kwa chakula kisicho na uchachu. Mpaka wa kukumbuka ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu umezidi). Juu ya hapo, ndani ya pakiti isiyo na hewa, bakteria aitwaye Clostridium botulinum anaweza kuota na kutoa sumu inayopoozesha misuli, ikiwemo ile ya kupumua. Spora zake hazifi kwa maji yanayochemka. Kwa makopo yenye asidi kidogo, kipimo cha chini kinachofuatwa ni nyuzi 121 kwa dakika 3 katikati kabisa ya chakula. Pakiti iliyovimba ya chakula cha aina hii haipewi mbwa wala haimwagwi mahali wazi. Itie ndani ya mfuko mwingine, iandike, iweke mbali na watu, na uiarifu mamlaka ya chakula.

Na usisubiri uvimbe ndipo uiogope sumu hii. Mwaka 2006 watu wa Marekani na Kanada walipata botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo, kutokana na juisi ya karoti ya chupa. Juisi ya karoti ina pH karibu na 6. Kupasteri, yaani kupasha moto kiasi ili kuua vijidudu, hakukuua spora, na ulinzi pekee uliobaki ulikuwa baridi. Juisi ilipokaa kwenye joto, ulinzi huo ukaondoka na hakukuwa na mwingine. Kama chakula chako kinalindwa na friji peke yake, kiongezee kinga ya pili: shusha pH, punguza maji huru (yale ambayo bakteria wanaweza kuyatumia) kwa chumvi au kwa kukausha, au fupisha muda wa kukaa sokoni. Huwezi kuilinda friji ya mtu mwingine.

Ute, uchachu au maji meupe kabla ya tarehe kuisha

Hawa kwa kawaida ni bakteria wa asidi ya laktiki. Hawaumizi mtu kwa kawaida, lakini wanakuambia kwamba kuna baridi iliyopotea au uchafu uliobaki, na bakteria wabaya nao hutumia mwanya huohuo.

Panga malalamiko yako kwa njia mbili: kwa mahali yalikotoka, na kwa saa pakiti zilipozalishwa. Kama yanatoka kwenye njia moja ya usafirishaji au sehemu moja ya kuuzia, umepata tatizo la mnyororo baridi, yaani baridi imekatika mahali fulani njiani. Weka kipimajoto chenye kumbukumbu ndani ya boksi, katikati ya mzigo na kingine karibu na mlango wa gari, ukiache kisafiri mpaka mwisho wa safari. Kipimajoto cha kwenye dashibodi hupima hewa; hakijui kilichomo ndani ya boksi. Kama malalamiko yametawanyika kila mahali lakini pakiti zake zilitoka saa za mwisho za zamu, mashine ilikuwa inakusanya uchafu kadiri kazi ilivyoendelea, na usafi wa katikati ya zamu haupo au haufanyiki ipasavyo.

Kosa ninaloliona mara nyingi mno ni chakula kuingizwa chumba cha baridi kikiwa bado vuguvugu, kimepangwa kwa kubanana kwenye vyombo virefu. Chumba cha baridi hutunza baridi; hakina nguvu ya kupoza sufuria nzima kwa haraka. Kanuni inayotumiwa Marekani ni nzuri kuifuata popote: kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Gawa chakula kwenye trei za kina kifupi, acha nafasi hewa ipite, na upime katikati ya trei nene kuliko zote.

Angalia pia ulivyoipata hiyo tarehe. Kama ulipima muda wa kukaa kwa kuweka pakiti kwenye nyuzi 4 tupu, umepima friji ya maabara. Friji nyingi za watu ziko juu ya hapo, na mlango unafunguliwa kutwa. Rudia kipimo kwa joto ambalo pakiti itakutana nalo kweli, siku za mwisho zikiwa kwenye nyuzi 7 au 8, na ukubali tarehe fupi itakayotokea.

Maabara imekuta Listeria, na pakiti haina kasoro yoyote

Hapa ndipo kwenye hatari yenyewe. Listeria monocytogenes hauvimbishi mfuko, hautoi ute, haubadilishi rangi wala harufu. Anakua polepole kwenye friji kuanzia karibu nyuzi 0, anavumilia chumvi inayowashinda bakteria wengi, na ndani ya pakiti iliyofyonzwa hewa anaendelea na maisha. Kwenye nyuzi 4 huchukua siku moja au zaidi kuongezeka maradufu. Kwenye nyuzi 10 saa chache zinatosha. Akiongezeka maradufu mara 10 tu, mmoja amekuwa 1,024. Chakula kinachokaa wiki kadhaa kwenye friji kinampa muda wote anaouhitaji.

Anachomfanyia mtu ndicho kinachonifanya nisiwe na subira na visingizio. Kati ya watu 100 wanaopata maambukizi mazito, 20 hadi 30 hufa. Mama mjamzito anaweza kuhisi homa ndogo tu na uchovu, kisha akapoteza mimba. Watoto wachanga, wazee, wenye kinga iliyoshuka kwa maradhi au matibabu, hao ndio wanaolipia uchafu wa mashine ya kukatia. Afrika Kusini, mwaka 2017 hadi 2018, mlipuko mmoja ulithibitishwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 na vifo zaidi ya 200, na chanzo kilikuwa poloni, yaani soseji nene iliyopikwa tayari na kuliwa bila kupashwa. Dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 70, hivyo wachunguzi walikuwa wakiwauliza watu walikula nini wiki nyingi nyuma. Njia ilifunguka pale watoto wa kituo cha kulelea huko Soweto walipougua, na chakula kilichokuwa kwenye friji ya kituo kikachukuliwa kupimwa. Aina ileile ya Listeria ilikutwa ndani ya kiwanda kilichotengeneza poloni hiyo.

Kwa hiyo jibu chanya likija, yaani Listeria amekutwa, ulizia kwanza chakula chako ni cha kundi gani. Kama pH yake ni 4.4 au chini, au maji huru (aw) ni 0.92 au chini, au kwa pamoja pH haizidi 5.0 na aw haizidi 0.94, Listeria hawezi kukua humo, ingawa anaweza kubaki hai. Kwa vyakula vya namna hiyo kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2073/2005 inaruhusu hadi bakteria 100 kwa gramu katika muda wote wa kukaa sokoni. Marekani hairuhusu hata mmoja agundulike. Kwa chakula anachoweza kukua ndani yake, mimi nasimama na Wamarekani: sampuli ya gramu 25 ikionyesha yupo, bechi haitoki.

Kisha rudi kwenye zile mita chache. Chukua swabu (pamba au sponji ya kupangusia sehemu inayopimwa) kuanzia chakula kinapotoka motoni hadi kinapozibwa, na uzichukue wakati mashine zinafanya kazi, saa 2 au 3 baada ya kuanza. Swabu ya asubuhi baada ya usafi inapendeza kwenye faili tu. Bakteria waliojificha ndani ya mashine hutoka kwa mtikisiko, kwa unyevu, kwa mafuta ya chakula yanayopenya na kurudi nje. Hakikisha pia swabu ina kimiminika kinachozima dawa ya kuua vijidudu. Bila hicho, dawa iliyobaki juu ya chuma inaendelea kuua ndani ya kichupa na unapewa jibu safi la uongo. Pima Listeria wa aina zote, pamoja na wasio na madhara. Palipo na hao pana unyevu na mficho unaomfaa yule mbaya.

Vile vifaa vya haraka vya kupima mwanga vinavyotoa namba ndani ya sekunde chache vinapima mabaki ya chakula na vitu vyenye uhai kwa jumla. Ni vizuri kwa kukagua kama meza imesafishwa. Havikuambii kama Listeria yupo au hayupo, na usimruhusu muuzaji akuaminishe vinginevyo.

Jibu linakuja, linapotea, linarudi

Mnasafisha, vipimo vinakuwa safi majuma kadhaa, halafu aina ileile inaonekana tena. Wengi husema imeingia upya kutoka nje. Ukiweza, omba maabara ilinganishe vinasaba vya bakteria wa mara ya kwanza na wa sasa. Vikifanana, hakuna kilichoingia. Ana makazi ndani ya jengo, na nyinyi mnasafisha veranda ya nyumba yake.

Fungua mashine ya kukatia slaisi kama anayeitengeneza, si kama anayeifuta. Ondoa kinga ya kisu. Nyuma yake, pale kisu kinapozunguka bila kugusana na kinga, utakuta utepe wa kijivu unaoteleza, mzito kama mafuta ya kulainishia, na ukiusugua kwa kidole unatoa harufu ya nyama ya zamani. Toa skrubu za bamba la kusukumia. Kwenye matundu yake huwa kuna unyevu hata mashine ikiwa imekauka kwa nje. Angalia ukanda wa mpira pembezoni mwa kifuniko cha umeme, chini ya vitufe. Mwaka 2008 nchini Kanada, mlipuko wa Listeria kwenye nyama za slaisi uliua watu zaidi ya 20, na uchunguzi ulielekeza ndani kabisa ya mashine za kukatia, mahali ambapo usafi wa kila siku ulikuwa haufiki.

Ukitoka kwenye mashine, endelea na mpira wa mlango wa chumba cha baridi uliopasuka, roli za mkanda zilizo wazi katikati, magurudumu ya toroli, sponji na brashi zenyewe, mpini wa bomba la maji, na feni ya kupoza iliyo darini. Simama chini ya hiyo feni dakika kadhaa wakati wa kazi uone matone yanadondokea wapi. Mtaro wa sakafuni una Listeria mara nyingi kuliko sehemu yoyote, na si ajabu. Ajabu ni pale mtu anapousafisha kwa bomba la shinikizo kubwa. Ukungu wa maji unainuka, unatua juu ya meza, na kilichokuwa sakafuni sasa kiko kwenye chakula. Mtaro husafishwa kwa brashi yake peke yake, yenye rangi tofauti, kwa maji ya shinikizo dogo, kabla ya hatua ya mwisho ya kuua vijidudu kwenye mashine.

Mpangilio wa usafi unaofanya kazi haubadiliki: ondoa mabaki makavu kwa mkono, suuza, paka sabuni na usugue, suuza tena, kagua kwa macho, ndipo upake dawa ya kuua vijidudu, kisha uache pakauke. Klorini ikikutana na mafuta na protini inamalizwa na uchafu kabla haijamfikia bakteria. Listeria akishajenga utando wake juu ya chuma, dawa peke yake hupita juu. Kusugua ndiko kunakouvunja. Ukishindwa kufungua kifaa fulani, kipeleke kwenye joto la unyevu kama kinaruhusu, au ukitoe. Nimewahi kusikia mabishano marefu kuhusu bei ya mashine mpya. Mashine isiyofunguka haistahili kugusa chakula kilichopikwa.

Na utenganishe watu. Anayeshika nyama mbichi haingii upande wa chakula kilichopikwa kwa buti zilezile, aproni ileile na toroli lilelile. Hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mlango, rangi mbili za aproni, na msimamizi anayekaa pale mlangoni wakati wa haraka, kwa sababu wakati wa haraka ndipo taratibu zinapokiukwa.

Chakula kikavu kimekutwa na Salmonella

Watu hawaamini: unga, karanga, chokoleti, viungo, vitu visivyo na maji, vinapataje bakteria? Hawakui humo, ni kweli, lakini hawafi. Salmonella hukaa hai kwa miezi, hata zaidi ya mwaka, ndani ya chakula kikavu, na ukavu pamoja na mafuta humfanya astahimili joto kuliko anavyostahimili kwenye chakula chenye maji. Mafuta pia humpitisha salama kwenye asidi ya tumbo, hivyo idadi ndogo tu inaweza kumfanya mtu augue.

Tafuta maji. Kwenye kiwanda cha vyakula vikavu, karibu kila uchunguzi wangu ungeanza na swali hilo tu: maji yametoka wapi? Paa linalovuja juu ya sehemu ya kupozea baada ya kukaanga. Bomba linalotoa jasho. Msafishaji aliyeosha sakafu kwa maji kwa sababu ilionekana chafu, akalisha vumbi la chakula unyevu wa kutosha bakteria wakazaliane, kisha pakakauka wakabaki wakisambazwa na vumbi. Marekani, mwaka 2008 na 2009, bidhaa za karanga zenye Salmonella ziliwafanya watu 714 waugue na 9 kati yao walifariki. Paa lililokuwa likivuja ni miongoni mwa kasoro zilizotajwa. Maeneo makavu yasafishwe kikavu, kwa brashi, mafyonzavumbi na vikwaruzio. Panapolazimu maji, tumia machache, kausha mara moja, na usianze kazi mpaka pakauke kabisa.

Maziwa ya unga ya watoto wachanga yanastahili neno la peke yake. Unga huo hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu hata ukitoka kiwanda kizuri, na bakteria aitwaye Cronobacter akiwemo anaweza kumwua mtoto wa siku chache. Shirika la Afya Duniani linashauri kuukoroga kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha kuyapoza haraka na kumpa mtoto. Lebo yako iseme hivyo kwa herufi zinazosomeka.

Watu wametapika ndani ya saa chache

Muda kati ya kula na kuugua ni kipimo ambacho hakilipiwi, na wengi hawakitumii. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 kunaelekeza kwenye sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula: Staphylococcus aureus, anayetoka puani na kwenye vidonda vya mikono ya anayepakia, au Bacillus cereus kwenye wali na vyakula vya wanga vilivyopozwa polepole. Tumbo kukata na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24, bila homa, fikiria Clostridium perfringens na nyama au mchuzi mwingi uliopoa kwa kuchelewa. Homa na kuharisha kati ya saa 6 na siku 3, Salmonella. Damu kwenye choo baada ya siku 3 au 4, E. coli anayetoa sumu ya Shiga, na hapo mtoto apelekwe hospitali haraka kwa kuwa figo ziko hatarini. Kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, kumeza kwa shida: hospitali sasa hivi, usisubiri majibu ya chakula.

Sumu ya Staphylococcus na ile ya kutapisha ya Bacillus haziharibiwi kwa kupasha moto. Unaweza kupeleka chakula maabara, wasikute bakteria hai hata mmoja, na bado kikawa ndicho kilichowafanya watu waugue. Japani, mwaka 2000, zaidi ya watu 13,000 waliugua kwa bidhaa za maziwa. Umeme ulikuwa umekatika kwenye kiwanda cha maziwa ya unga, maziwa yakakaa kwenye joto, bakteria wakatengeneza sumu, kisha kupasteri kukaua bakteria na kuiacha sumu. Kwa hiyo omba maabara ipime sumu yenyewe, na wewe upekue daftari la umeme na mitambo: siku ile kazi ilisimama saa ngapi, na chakula kilichokuwa njiani kilikaa wapi?

Maabara inasema safi, malalamiko hayaishi

Tuseme pakiti 1 kati ya kila 100 ina bakteria. Ukipima pakiti 5, uwezekano wa kuzikosa zote zenye tatizo ni asilimia 95. Ukipima 60, bado unakosa kwa zaidi ya nusu. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kukamata angalau moja, unahitaji kupima karibu 300. Hakuna mzalishaji mdogo anayeweza, na wakubwa hawafanyi hivyo kila bechi. Cheti cha maabara cha bechi moja hakithibitishi usalama wa bechi hiyo, sembuse zinazofuata. Fedha za kupima pakiti nyingi za mwisho, nusu yake nzima ningeihamishia kwenye swabu za mazingira, kila wiki, mahali pabaya kuliko pote mnapopajua. Na mfanyakazi anayeleta jibu chanya apongezwe mbele ya wenzake. Akikaripiwa, swabu zote zitaanza kuchukuliwa katikati ya meza iliyong'aa.

Siku jibu baya linapokuja kwenye sehemu inayogusa chakula

Zuia kila kitu kilichopita hapo tangu usafi wa mwisho unaoweza kuuthibitisha kwa rekodi. Majibu ya Listeria kwa njia ya kawaida huchukua siku kadhaa, hadi wiki moja kuthibitishwa, kwa hiyo kama mnapima sehemu zinazogusa chakula na huku mzigo unaondoka kila jioni, mzigo utakuwa umeshaliwa. Chakula cha siku ya kipimo kibaki ghalani mpaka jibu lirudi.

Kama kilishatoka, usisubiri mgonjwa. Iarifu mamlaka, waarifu waliouziwa kwa namba za bechi, na uandike tangazo linaloeleweka: jina la bidhaa, ukubwa wa pakiti, namba ya bechi na mahali ilipochapwa, tarehe, nani asile kabisa, na mtu afanye nini na pakiti aliyokwisha kuifungua. Waambie pia waoshe friji kwa maji ya moto na sabuni, rafu na mpira wa mlango, kwa sababu Listeria aliyedondoka humo ataendelea kukua kwenye chakula kingine. Wajawazito waambiwe waziwazi kwamba wakiwa wamekula na wakapata homa wakati wowote ndani ya siku 70 zinazofuata, waende kliniki na wataje chakula hicho kwa jina.